Chui wa Kufugwa Kwenye Simu

Unguja ina mnyama wa kufugwa ambaye hakuna aliyethibitisha kumwona. Ni chui. Si chui wa mwituni aliyekuwa akijitafutia riziki katika msitu wa Jozani na vichaka vya Kusini, bali chui mwenye mwenyewe: anayelishwa, anayefunzwa, anayetumwa usiku kwenda kumtisha jirani au kumchukulia mbuzi wake. Simulizi zinasema mfugaji wake ni mchawi, na zinaeleza kwa kina jinsi chui hao wanavyozalishwa, wanavyofundishwa kutii na wanavyopitishwa kutoka mikono ya mfugaji mmoja hadi mwingine. Wanaanthropolojia Helle Goldman na Martin Walsh walizikusanya habari hizi katikati ya miaka ya 1990 kwa ajili ya mradi wa hifadhi ya Jozani na Ghuba ya Chwaka. Waliambiwa mengi. Kila mara watu wa hifadhi walipojaribu kuonyeshwa chui mmoja wa kufugwa, safari iliishia patupu. Naamini huyu ndiye mnyama anayefaa kuliko wote kwa mchezo wa simu wa kufuga utakaotengenezwa na Wazanzibari wenyewe. Naamini pia kwamba mchezo huo lazima uchekeshe, tena kicheko cha machungu, na kwamba kicheko hicho kina mahali pamoja tu pa kuangukia, nako ni kwa mfugaji.

Michezo ya kufuga kwenye skrini ilianza kuvuma mwezi Novemba 1996, kampuni ya Bandai ya Japani ilipotoa Tamagotchi, kidude chenye umbo la yai kilichobuniwa na Akihiro Yokoi na Aki Maita. Kina skrini ndogo na vitufe vitatu. Yai linaanguliwa, anatoka kiumbe, na kuanzia hapo kazi ni yako. Kuna mioyo minne ya shibe na mioyo minne ya furaha, na yote hupungua kadiri saa zinavyokwenda. Kiumbe anakunya, lazima umsafishe. Anaugua, na fuvu dogo linatokea kando yake mpaka umpige sindano. Mara nyingine anakuita kwa mlio wa haraka, ukimtazama huoni anachotaka. Hapo inakupasa umkemee, la sivyo anadeka. Na hakukuwa na kitufe cha kumsimamisha ukiwa darasani au kazini. Ukimsahau, anakufa. Katika toleo la Japani, aliyekufa alionekana kama mzuka kando ya kaburi. Toleo la Marekani lilibadilishwa, akawa malaika anayerudi kwenye sayari yao. Shule nyingi zilivipiga marufuku vidude hivyo kwa sababu vilivuruga masomo, na watoto walikuwa wakilia kwa kifo cha nukta nyeusi kwenye kioo.

Kilio kile ndicho ushahidi wa kwanza, na usipuuzwe. Mtoto anajua vyema kwamba hakuna damu ndani ya plastiki. Anajua pia kwamba kuna kitu kilimwita naye hakuitika. Nguvu ya mchezo wa kufuga haiko kwenye uzuri wa picha wala ujanja wa kompyuta. Iko kwenye wajibu. Mchezo unakukabidhi dhamana, kisha unakuhesabia. Ndiyo maana ucheshi wa machungu unaukaa kirahisi kuliko unavyoikaa michezo ya mbio za magari au mpira. Penye wajibu pana uzembe, na uzembe wa binadamu mwenye nia njema umewachekesha watu tangu hadithi zilipoanza kusimuliwa.

Waliojaribu ucheshi huo wamepita njia mbili, na tofauti yake ni kubwa. Mwaka 1999 Yutaka Saito na kampuni yake ya Vivarium walitoa mchezo uitwao Seaman kwa mashine ya Sega Dreamcast. Unafuga samaki mwenye uso wa mwanamume, naye anasema. Unamwuliza hali kupitia maikrofoni, anakujibu kwa ufidhuli, kisha anaanza kukuhoji yeye: una umri gani, unafanya kazi gani. Njia yake ya kukua ni ya kutisha. Wadogo humezwa na nautilasi, jamii ya pweza mwenye gamba, wakamwua kwa ndani na kutoka. Halafu hunyonyana damu wao kwa wao mpaka wabaki wawili. Hayo yote yanatokea mbele ya mfugaji aliyekaa sebuleni akijiona ni mlezi mwema, huku samaki akimsuta. Anayechekwa ni mtu. Njia ya pili wazazi wengi wa Afrika Mashariki wanaijua, kwa kuwa imeingia kwenye simu zao kupitia kwa watoto: paka Tom wa kampuni ya Outfit7 ya Slovenia, aliyetoka mwaka 2010. Ukimsemesha anarudia maneno yako kwa sauti nyembamba, na ukimpiga kwa kidole mara kadhaa anaanguka chini akiona nyota, mtoto akacheka. Sidai kwamba Tom amemfanya mtoto yeyote mkatili. Nadai tu kwamba kicheko hicho ni cha bei rahisi, hakimwambii mtoto lolote kumhusu yeye mwenyewe, na kwa kisiwa chenye paka wengi wanaopigwa teke kila siku kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe, hatuhitaji kingine cha namna hiyo.

Ushahidi wa tatu unatoka Uingereza. Mwaka 1996 Steve Grand alitengeneza mchezo uitwao Creatures, ambao viumbe wake, Norn, walikuwa na ubongo mdogo wa kompyuta uliojifunza kwa kupapaswa na kupigwa kofi. Punde akatokea mchezaji aliyewatesa makusudi na kuwaonyesha wenzake viumbe hao walioharibika akili. Kwake ulikuwa mzaha. Wachezaji wengine walimwandama kwa matusi na vitisho, kana kwamba amemwua mbwa wa mtu. Mbunifu anayedhani ucheshi wa machungu maana yake ni kumwongezea mnyama maumivu angeanza kwa kulitafakari tukio hilo. Watu wale hawakuwa na shida na kifo, kwani Norn walikuwa wakifa kila siku kwa uzee na maradhi. Walichokataa ni kucheka upande wa mtesaji.

Sasa turudi kwa chui. Chui wa Unguja alikuwa mnyama halisi. Mtaalamu Reginald Pocock alimweleza kisayansi mwaka 1932 na kumpa jina la Panthera pardus adersi, kwa heshima ya Dk. Aders aliyekuwa mtumishi wa serikali Zanzibar. Alikuwa mdogo kuliko chui wa bara, na madoa yake yalikuwa madogo na ya kusongamana. Kadiri watu walivyoongezeka katika karne ya 20 na mashamba yalivyosogea msituni, mawindo yake yalipungua, akawa anaonekana karibu na nyumba, anachukua mbuzi na kuku. Mkulima aliyepoteza mbuzi alihitaji maelezo. Kwa nini wangu, si wa fulani? Kwa nini usiku uleule tuliogombana? Imani ya chui wa kufugwa ilimpa jibu lililokuwa na jina na sura ya mtu. Baada ya Mapinduzi ya 1964 jibu hilo likapata nguvu mpya: ilifanyika kampeni ya kuwasaka wachawi na chui kwa pamoja, ikiongozwa na mganga mashuhuri aliyejulikana kwa jina la Kitanzi. Chui akahesabiwa kuwa adui wa jamii, akaendelea kuwindwa kwa miaka mingi. Ilipofika miaka ya 1990 watafiti walikuwa wakijiuliza kama amebaki hata mmoja. Mwaka 2018 kamera ya kipindi kimoja cha televisheni cha Marekani ilinasa picha ya mnyama iliyodaiwa kuwa ni yeye, lakini dai hilo halijamrudisha chui kwenye orodha ya wanyama wanaojulikana kuishi kisiwani. Kilichobaki ni ngozi chache katika makumbusho ya nje, na chui mmoja aliyejazwa aliyehifadhiwa katika makumbusho ya Zanzibar.

Hapo ndipo machungu ya kweli yalipo, na hapo ndipo panapofaa kucheka kwa majuto. Kisiwa kizima kilikuwa kikifuga chui wa maneno. Kilimlisha kila siku kwa husuda za shamba, kesi za mipaka, posa zilizokataliwa na madeni yasiyolipwa. Chui wa maneno akanenepa, na yule wa nyama na mifupa akalipa kwa roho yake. Hakuna mbunifu wa Tokyo au London anayeweza kubuni kisa chenye uchungu na kejeli ya kutosha kukifikia hiki, kwa sababu kilitokea.

Mchezo wenyewe nauona hivi. Kijana anarithi nyumba ya marehemu ami yake katika kijiji cha Kusini Unguja, na pamoja na nyumba anarithi sifa, kwani watu wanasema ami alikuwa na chui. Uani pana bakuli la udongo. Kwa udadisi kijana anatia mabaki ya samaki. Asubuhi bakuli li tupu. Huenda ni paka, huenda ni ngawa, huenda ni jirani mwenye njaa. Mchezo hausemi, na usiseme kamwe. Kwenye skrini pana alama mbili tu: njaa ya chui na maneno ya watu. Ukitia chakula, njaa inashuka na maneno yanapanda, kwa kuwa kuna aliyekuona ukinunua vichwa vya samaki mara tatu kwa wiki. Usipotia, usiku unasikia mkoromo kama wa msumeno nyuma ya nyumba, na asubuhi mbuzi wa mtu hayupo, lawama ni zako vilevile. Bibi wa nyumba ya pili anakuja mlangoni, anakaa barazani, anakunywa chai yako yote, ndipo anasema: “Mwanangu, mie sina neno na wewe. Ila huyo mwenzako, umwambie kwangu asipite.” Mchezaji ana majibu mawili ya kuchagua. Akikana, bibi anaitikia kwa adabu na kuondoka akiwa na hakika zaidi kuliko alivyokuja. Akinyamaza, ndiyo basi.

Kisha faida zinaanza kuingia, na hapa mbunifu asiwe na haraka, maana ndipo mchezaji anapotegwa. Mwenye duka anaacha kumdai. Aliyekopa fedha za ami miaka sita iliyopita anazileta usiku, zimefungwa kwenye kitambaa. Kwenye daladala mtu anampisha kiti. Kijana asiyekuwa na kitu amekuwa mtu wa kuogopwa kwa gharama ya vichwa vya samaki, na kila mchezaji, hata mpole kiasi gani, ataanza kulijaza bakuli kwa makusudi. Atacheka. Atajikuta anamtunza kwa bidii mnyama asiyemwona kwa sababu ya anachompatia kwa majirani. Siku moja wawindaji wanakusanyika chini ya mwembe na kumwuliza mbele ya watu, unaye huna? Akisema hana, haaminiwi. Akisema anaye, wanaridhika, wanaingia msituni na kurudi na maiti ya chui mdogo wa kike, mbavu zinahesabika, tumbo tupu. Hakuwa wa mtu. Hakuwahi kula bakulini.

Tangu hapo bakuli halimalizwi tena, na alama ya njaa inafutika kwenye skrini. Katika michezo mingi ya kufuga, akifa mmoja unabonyeza kitufe na yai jingine linaanguliwa. Hapa pasiwe na yai jingine, hata mchezo ukifutwa na kupakiwa upya kwenye simu ileile. Najua wafanyabiashara watalipinga hili: nani atabaki na mchezo usioanza upya? Jibu ni kwamba maisha ya kijiji hayajaisha. Mchezaji anaendelea kulima, kwenda sokoni Darajani, kuhudhuria harusi na maziko. Na siku ya kumi mbuzi wa mtu anapotea tena. Chui hayupo kisiwani kote, mbuzi anapotea, na bibi wa nyumba ya pili anarudi barazani. Huo ndio upeo wa mchezo, na mchezaji ataufikia bila kuelezwa neno.

Wapo watakaosema dini hairuhusu mzaha wa namna hii. Nalichukua pingamizi hili kwa uzito kuliko mengine yote, kwa sababu Zanzibar bila Uislamu haielezeki. Lakini mafundisho yenyewe yamejaa wanyama na dhamana zao. Kila mtoto wa chuo cha Kurani anakijua kisa cha mwanamke aliyeingia motoni kwa ajili ya paka aliyemfunga, asimlishe wala asimwachie ajitafutie mwenyewe, na kisa cha yule aliyesamehewa kwa kumnywesha maji mbwa mwenye kiu. Yamepokewa pia masimulizi ya Bi Aisha na farasi wake wa kuchezea mwenye mbawa za kitambaa, ambaye jibu la Bi Aisha kumhusu lilimchekesha Mtume, na ya mtoto Abu Umayr, ambaye Mtume alimtania kwa upole kuhusu ndege wake mdogo. Kuchezea mnyama wa bandia, kumfuga wa kweli na kutaniana juu yake si mambo mageni katika urithi huu. Suala la picha za viumbe wanazuoni wanalijadili, na anayeona shaka ana haki ya kujiepusha nalo. Ila atambue kwamba katika mchezo ninaoueleza chui haonekani akiwa hai hata mara moja. Na uchawi hautukuzwi humo, maana kijana hana uchawi wowote. Ana bakuli tu.

Pingamizi la pili ni zito kwa namna nyingine, nalo ni kwamba kuchezea imani za uchawi kunaweza kuua. Ni kweli, na tuna kumbukumbu. Mwaka 1995 hofu ya popobawa, pepo wa usiku, ilianza Pemba ikavuka hadi Unguja. Watu walilala nje wakikesha, na mgonjwa wa akili mmoja akauawa na kundi la watu waliodhani ndiye popobawa. Bara, vikongwe katika mikoa ya Shinyanga na Mwanza wameuawa kwa kushukiwa tu. Mchezo ambao ungemtaka mchezaji amtafute mchawi kijijini na kumpata ungekuwa uovu, na ningekuwa wa kwanza kutaka ufungiwe. Ndiyo sababu ya kumweka mchezaji upande wa mshukiwa. Anayeshika simu aonje jinsi inavyokuwa kukana jambo usilolifanya mbele ya watu walioamua zamani. Kwa miaka mingi tumewahubiria watu kwamba tuhuma ni hatari. Mchezo una uwezo ambao hotuba haina, wa kumfanya mtu atuhumiwe kwa wiki nzima mfukoni mwake. Kwa watoto wadogo haufai. Uwekwe umri, na wazazi wausimamie.

Wengine watauliza kwa nini tusifanye filamu ya kumbukumbu, tukamwomboleza chui kwa heshima. Filamu zifanyike. Lakini filamu humwacha mtazamaji upande wa wasio na hatia. Anatazama wengine wakikosea, anasikitika, anazima. Anayefuga hawezi kuzima hivyo, kwa kuwa aliyesema “ninaye” ni yeye. Na kuna hofu kwamba watu wa Kusini watageuzwa vichekesho vya watu wa mjini. Hofu hiyo ina msingi, na kinga yake si kuuacha mchezo bali kuuandika vizuri. Wanakijiji wote wawe na akili. Wawe na mbuzi halisi waliopotea, hasara halisi, sababu ya kukosa usingizi. Mpumbavu pekee awe yule anayeshika simu, aliyefurahia kuogopwa. Lugha iwe Kimakunduchi, lahaja ya Kusini, mahali inapostahili, na iandikwe na anayeizungumza, si na mtu aliyeisikia kwenye igizo la redio.

Kwa upande wa ufundi hakuna kikwazo kikubwa. Mchezo wa bakuli, uani na maneno ya watu hauhitaji michoro ya fahari wala simu ya bei mbaya, na unaweza kuwa mwepesi kiasi cha kupakuliwa kwa bando dogo. Vijana wanaosomea kompyuta Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar wanaweza kuutengeneza. Kisichopatikana kwenye kompyuta ni simulizi zenyewe: chui walielezwa kula nini, mfugaji alijulikanaje, aliyetuhumiwa alijitetea vipi. Waliokuwa watu wazima wakati wa kampeni ya Kitanzi sasa ni wazee sana. Anayetaka kuutengeneza mchezo huu aanzie Jozani, Muyuni na Makunduchi, akawasikilize hao kwanza, tena mwaka huu.